Kuku Wasionuka wa Chamazi

Somoe mwanangu,

Mambo ya sweta, ya kunywa maji ya moto na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani, mama yako ameshayamaliza. Nimemsikia tangu alasiri akiyarudia, na wewe ukiitikia "ndiyo mama" kutoka chumbani. Mimi sina cha kuongeza hapo. Njombe nimefika kwa safari za kazi tu, na nilichokiona huko ni kwamba watu wake wanaamka mapema na hawapendi makelele. Utapatana nao.

Nakuandikia kwa sababu tangu ule mkutano wa mtaa mimi na wewe tumebaki kusalimiana tu. Unasema shikamoo, naitikia marahaba, unaweka chai mezani, unaondoka. Ulipopata kazi ya kusimamia uchanganyaji wa chakula kwenye shamba la kuku huko, niliambiwa na mama yako. Na juzi nilipokuuliza kama utarudi kwa ajili ya Idi, ulinijibu bila hasira yoyote: "Sirudi Chamazi, baba. Nyie mtakuja kunitembelea mkipenda." Kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha kusikiliza watu wanaosema maneno mazito kwa sauti ndogo. Mara nyingi hao ndio wanaomaanisha. Kwa hiyo nimelipokea neno lako kama lilivyo, sijajidanganya kwamba ni hasira za kupita.

Lakini kabla hujaondoka nataka habari hii niisimulie mara moja, kwa mpangilio wake, kwa sababu nadhani hujawahi kunisikia nikiisimulia.

Ulipomaliza chuo cha mifugo na ajira ikakosekana, ulimkuta mama yako na kuku wake wa mayai nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabanzi tuliyoyabeba kutoka kwa mafundi seremala wa Keko. Aliwalisha kama alivyojifunza kwa kuona: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa. Kuku walitaga, lakini kwa kusuasua. Maganda ya mayai yalikuwa mepesi, na kinyesi kilikuwa majimaji. Mvua ikinyesha, harufu ilivuka ukuta ikaenda kukaa sebuleni kwa Mama Zuhura, jirani tunayegawana naye ukuta.

"Somoe, hawa kuku wenu watatuua," alikuambia siku moja mbele yangu. "Jana mie nimepika wali wa nazi, mwanangu, nimekula harufu. Nazi sijaisikia."

Ulimwomba radhi na ukamwahidi kwamba utalishughulikia. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nilifikiri utanunua chokaa zaidi ya kumwaga chini, kama wanavyofanya wengine. Kumbe wewe uliona tatizo lipo kwenye chakula. Ulinieleza jioni ile na nilikuelewa, ingawa hukujua kama nimeelewa. Ulisema pumba na mashudu yana chakula kingi ambacho tumbo la kuku haliwezi kukifikia. Kinapita kama kilivyoingia, na hicho kinachopita bila kusagwa ndicho kinacholowanisha banda na kunuka. Madini ya kutengenezea ganda nayo yamo humo humo kwenye pumba, yamefungwa. Ukasema kuna vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya kuvunja hivyo vitu tumboni mwa kuku, na kwamba havina tofauti kubwa na vile ambavyo tumbo lenyewe linatengeneza, ila kuku hana vya aina hiyo. Ukaenda duka la pembejeo Mbagala, ukarudi na pakiti ya unga wa rangi ya kahawia isiyofikia uzito wa kilo ya sukari.

Mara ya kwanza haikufanya kazi, na kosa lilikuwa la nyumbani kwetu. Mama yako ana desturi ya kumwagia pumba maji ya moto kabla ya kuwapa kuku, kwa sababu bibi yako kule Masasi alifanya hivyo ili kuua ukungu. Hakuna aliyefikiri kukuambia, na wewe hukufikiri kuuliza. Ukachanganya, yeye akamwagia maji yanayofuka. Kuku wakaendelea vilevile, na ukawa unataka kurudi Mbagala kugombana na muuzaji. Ni siku uliyomkuta mama yako na birika mkononi ndipo ulipojua.

"Mama! Umekuwa ukifanya hivi kila siku?"

"Sasa niwape pumba baridi waumwe matumbo?"

"Vile vimeng'enya vinaharibika kwa moto, mama. Ni kama ukichemsha yai halafu umuwekee kuku alalie."

Mama yako akaliangalia birika, akakuangalia wewe. "Na mwezi mzima unaniona napita na birika unafikiri naenda kuwanywesha chai?"

Mlicheka mpaka ukakaa chini kwenye gunia. Mimi nilikuwa dirishani na nilicheka pia, peke yangu. Nakumbuka niliwaza kwamba ningetoka nje tu tungecheka watatu. Sikutoka. Nilikuwa na habari ya kumalizia.

Baada ya hapo nilianza kukusaidia Jumamosi. Ulitandika turubai, ukaniambia pakiti haimwagwi moja kwa moja kwenye lundo kubwa la pumba, maana kuku mmoja atakula yote na mwingine hatapata kitu. Kwanza unachanganya na pumba za kwenye beseni. Beseni hilo unalichanganya na za kwenye ndoo. Ndoo ndiyo inaingia kwenye lundo, na lundo linageuzwa kwa koleo kutoka upande huu kwenda ule, kisha linarudishwa. Nilikuwa mtu wa koleo. Ulinikemea nikivuka hatua: "Baba, usiwahi." Hakuna mhariri aliyewahi kunikemea kwa adabu namna ile.

Na ilifanya kazi. Nasema hili kwa sababu nililiona, si kwa sababu ni lako. Kinyesi kilianza kukauka. Maranda ya mbao yaliyotandazwa chini yalikaa muda mrefu bila kulowa. Chakula kilichokuwa kinaisha katikati ya wiki kilifika mwisho wa wiki, na mayai hayakupungua, yaliongezeka. Chande, muuza chipsi wa pale kona, alikuja hadi getini na trei tupu mkononi.

"Sista, mayai yako siku hizi yanaruka matuta na bodaboda hayapasuki. Umeyatia saruji?"

"Kuku wanakula vizuri tu, kaka Chande."

"Basi na mie nihamie humo bandani."

Hiyo ilikuwa miezi mizuri. Nadhani ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kukaa nyumbani, na nimekaa nyumbani kidogo sana katika maisha yako.

Kisha Mama Zuhura akasimama kando ya ukuta, akavuta pumzi, na hakusikia harufu.

Nimeandika habari za uzushi mara nyingi, na bado sikuitambua hii ilipozaliwa mlangoni kwangu. Aliyekuwa akilalamikia harufu alipoikosa harufu ndipo alipoingiwa na hofu. "Kuku gani asiyenuka?" alimuuliza mama yako. "Kuku asiyenuka si kuku. Kuna kitu mnawapa." Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alikuwa amezoea dunia ambayo kuku wananuka, na mtu alikuwa ameibadilisha bila kumtaarifu. Mama yako akamjibu kwa kujivunia kwamba mwanangu amesoma, kuna unga anaweka. Neno unga likatoka pale likaenda bombani, likaenda saluni, na kila lilipopita liliongezewa. Siku lilipofika kwangu nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Kijana yule alininong'oneza, huku wembe uko shingoni, kwamba nisile mayai ya mtaa wa juu kwa sababu kuku wanalishwa dawa za kunenepesha na yanamaliza nguvu za kiume. Hakujua kwamba banda analolisema ni langu. Nikamlipa, nikaondoka, sikumwambia.

Hilo lilikuwa la kwanza. Ningemwambia yeye, pengine ungekuwa na mtu mmoja wa kukutetea.

Mwenyekiti wa mtaa alipoitisha mkutano juu ya mayai hayo, ulikwenda na pakiti mkononi. Ulizungumza vizuri. Ulieleza bila maneno ya chuoni. Ulisema hata chakula cha kuku cha viwandani, kile cha kwenye viroba, mara nyingi kimeshatiwa vimeng'enya, na kwamba wengi waliokaa pale wamekula mayai yake na wako wazima. Mtu akasema nyuma, "Sasa na sisi tufundishwe na mtoto?" Watu wakacheka. Mama yako akasimama, akawaambia yeye mwenyewe anakula mayai hayo kila asubuhi. Wakamjibu kwamba mama lazima atetee, ndiyo kazi ya mama. Na hapo Mama Zuhura, ambaye naamini kabisa alitaka suala liishe, akasema: "Baba yake si yupo? Yule mwandishi. Yule mzee hasemagi uongo. Tumsikie yeye."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akasema, "Mzee, wewe unaishi humo ndani. Tuambie tu. Mtoto anawapa nini hao kuku?"

Nilisimama. Nitakuandikia nilichosema neno kwa neno, kwa sababu kunukuu ndiyo kazi ninayoijua. Nilisema: "Mimi ni mzazi, kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, na haitakuwa haki nikatoa ushahidi. Yapo madai ya upande mmoja na yapo maelezo ya upande wa pili. Nashauri wataalamu waje wapime, ndipo tuseme."

Wewe ulikuwa bado umesimama mbele na pakiti yako. Ulikaa.

Hakuna mtaalamu aliyekuja, na mimi niliyeshauri sikwenda kumwita hata mmoja. Kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umeshapata jibu lake: hata baba yake hajui anawalisha nini. Chande alikuwa wa kwanza kuja, na alikuja kwa heshima. "Sista, mie nakuamini, wallahi. Lakini wateja wananiuliza mayai yametoka wapi, nisemeje?" Baada yake hakuna aliyejisumbua kuja kuaga. Mayai yakajaa jikoni. Tuliyala asubuhi, mchana na jioni. Alipokuja mchuuzi wa kuku kuwachukua wote, hukumruhusu aingie bandani. Uliwakamata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, ukampa mkononi. Kisha uliosha vyombo vya maji ukavigeuza juani vikauke, kana kwamba kesho yake kungekuwa na kuku wa kunywa.

Usiku wa siku ile mama yako aliniambia jambo moja. Alisema, "Walimwita baba yake. Ukasimama mwandishi."

Unajua kwa nini niliishi hivyo. Umeisikia habari ya moto wa Keko tangu ukiwa mdogo. Nilikuwa kijana kwenye kazi, karakana ya fundi mmoja ikaungua, na yeye akanionyesha kwa kidole fundi mwenzake wa upande wa pili wa barabara. Nilimwandika mtu yule bila kumsikiliza. Ilikuja kujulikana kwamba ni nyaya za umeme, lakini alikuwa ameshahama na hakuna aliyejua alikokwenda ili aombwe radhi. Tangu siku ile nilijiwekea sheria: sisemi mpaka nisikie pande zote mbili, na penye ndugu yangu sisemi kabisa. Sheria hiyo ilinifanya niheshimiwe. Watu wa Chamazi walinigeukia siku ile kwa sababu yake.

Nimeifikiria sana tangu uache kuongea nami. Sheria yenyewe sioni ubaya wake, na bado naamini vijana wanaoanza kazi yangu wanaihitaji. Ila nilijifunza somo moja kwa gharama ya mtu mwingine, nikalishika kama mtu anayeogopa kuzama, na nikalitumia kila mahali, hata mahali ambapo sikuwa mwandishi wa habari ile. Kwenye banda lile sikwenda na kalamu. Nilikuwa nimeshika koleo. Mtu aliyegeuza lundo kwa mikono yake hana upande wa pili wa kusubiri. Ana alichokiona, na akiulizwa anakisema. Niliita woga wangu kwa jina la haki, na kwa kuwa jina lile ni zuri, hata mimi nililiamini.

Huko unakokwenda utasimamia watu wanaochanganya chakula cha kuku wengi kuliko wa mama yako. Utakutana na wenye birika zao. Sina la kukufundisha juu ya hilo, ulishaonyesha unajua kucheka kwanza. Ninachoweza kukuambia kinahusu siku atakayosimamishwa mbele ya watu mtu unayeijua kazi yake, awe mfanyakazi wako au yeyote. Siku hiyo utahisi hamu ya kuonekana mtu asiyeegemea popote. Ni hamu tamu sana. Mimi imenilisha maisha yangu yote. Mwangalie yule aliyesimama mbele, uone kama bado amesimama.

Sasa nikuambie la leo, maana halijakufikia. Hapa nyumbani mama yako ndiye pekee anayelijua.

Leo mchana ulipokuwa kwa fundi ukichukua nguo zako, kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu mtaro wa maji ya mvua. Nilimwomba mwenyekiti dakika chache kabla hawajaanza. Nilisimama nikawaambia kwamba wakati ule niliulizwa swali na sikulijibu, na leo nataka kulijibu. Nikawaambia nilichanganya chakula kile kwa mikono yangu kila Jumamosi. Nikawatajia kilichokuwamo, kimoja kimoja, na kazi ya ule unga. Nikasema mayai yale niliyala na bado ningeyala. Nikasema binti yangu aliwaambia ukweli wote siku ile, hakupunguza wala hakuongeza, na mimi niliyekuwa naujua nilinyamaza.

Somoe, ningependa kukuandikia kwamba kuna mtu aliyeinamisha kichwa. Mwenyekiti alisema, "Ahsante mzee, tumekusikia," akafungua suala la mtaro. Mtu mmoja akamuuliza jirani yake, "Kuku gani hao?" Na kweli hakukumbuka, nilimwona usoni. Jambo lililokuondoa wewe kwenye nyumba yako wao walikuwa wameshalisahau. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao, hata kwa kicheko chao. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Mama Zuhura alinifuata nilipokuwa natoka. "Mzee, ulikuwa unasumbuka na yale? Sie tulishayaacha zamani." Akatembea nami kidogo. "Lakini bora umesema. Maana haya mayai ya dukani siku hizi, ukiyagusa tu yanapasuka. Mwambie Somoe arudishe kuku wake. Mie nitakuwa wa kwanza kununua, niandikie trei moja."

Nilimwambia unasafiri kesho.

"Jamani! Kwenda wapi?"

"Njombe. Kazini."

"Atarudi lini?"

Nilimwambia ulivyoniambia, kwamba hurudi. Akasimama palepale barabarani, mkono kiunoni. Nikamwacha.

Sikuambii haya ili ubadili mawazo. Nilikwenda kusema wakati hakukuwa na kuku, hakukuwa na wateja, na wewe mwenyewe hukuwepo kusikia. Nilichelewa kiasi kwamba hata waliokukosea hawakuwa na haja tena ya maneno yangu. Ukiniuliza basi nilikwenda kufanya nini, jibu langu ni kwamba nilikuwa nadaiwa kusema, na anayedai ni wewe, na nisingeweza kukuacha uondoke huku bado sijasema. Kama haikusaidii kitu, nitaelewa.

Nenda Njombe. Fanya kazi yako kama ulivyokuwa unaifanya hapa. Sitakuuliza tena habari za Idi. Mama yako atakuja kukuona, ameshaanza kuulizia nauli. Mimi nitakuja siku utakayoniambia nije, na usiponiambia nitasikia habari zako kwake na zitanitosha kwa sababu itabidi zinitoshe.

Umesema kesho hutaki kusindikizwa stendi, na sitakuja stendi. Lakini begi lako ni zito, nimelinyanyua. Naomba nilibebe mpaka barabarani pikipiki inapokusubiri. Usiposema kitu, nitajua nimeruhusiwa. Ukilichukua mkononi mwangu, nitaliachia, na nitabaki nimesimama getini mpaka usionekane.

Baba yako